Moshi wa Betri Uani kwa Fundi Rajabu

Siku mliponiaga pale ofisini mliniomba maneno machache, nami niliona haya kusimama mbele ya soda na keki nikihutubia kama mgeni rasmi. Nikasema nitaandika. Haya ndiyo niliyoyaandika. Habari za vyeo nimeziacha, kwa sababu vyeo vyangu vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nimeandika kuhusu Same, mji nilioanzia kazi, na zaidi kuhusu betri. Siku hizi naona mnakwenda semina za taka hatarishi, mnarudi na mikoba mizuri, na bado nikipita nyuma ya magereji naona betri za magari zimerundikwa juani vile vile kama zamani.

Mimi ni mtoto wa Suji. Kwetu milimani tambarare palikuwa mahali pa kupita, ukienda kupanda treni au kuuza ndizi, kisha unarudi haraka kwenye baridi yako. Kwa hiyo nilipomaliza chuo na kuambiwa kituo changu ni Same, mama yangu alinipikia makande ya safari kana kwamba napelekwa nchi nyingine. Nilishuka stesheni asubuhi na sanduku la bati kichwani. Upepo wa Same ulinipokea kwa vumbi la machoni, na nilipoyafumbua tena niliiona milima yetu imesimama pale pale juu ya mji, ya kijani, na ukungu begani. Kwa miaka yote niliyokaa Same niliitazama hivyo kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli.

Ofisi ya afya ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati. Mkubwa wangu, Mzee Elieza, hakuwamo. Nilielekezwa nyuma ya soko, nikamkuta amepiga magoti kando ya shimo la choo kilichokuwa kinajengwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso, akanipa ncha ya futikamba nishike. Ndivyo nilivyoanza kazi ya serikali, nikiwa na suti ya kuazima, nimeshika futikamba juu ya shimo la choo.

Mzee Elieza alikuwa mtu wa Usangi, mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki lililopauka mabegani. Alianza kazi wakati wa Waingereza, akaendelea baada ya uhuru bila kubadili koti. Vifaa vyetu vilikuwa baiskeli mbili, tochi, bomba la kupulizia dawa ya mbu, gunia la chokaa, na fimbo ndefu aliyoichonga alama kwa kisu ya kupimia kina cha mashimo. Fimbo hiyo hakuna aliyetamani kuiazima. Alinifundisha kuingia dukani kwa mlango wa uani. Mbele, alisema, watu wamekwisha kukufagilia. Alinifundisha kuuliza wanawake kabla ya kuuliza wanaume, kwa sababu mwanamke ndiye anayejua maji ya kuoshea yanamwagwa wapi. Na alinikataza kutoa kalamu mapema. Ukitoa kalamu, alisema, mtu anafunga mdomo, na wewe unabaki kuandika ukimya.

Kitabu cha sheria tulikirithi kwa wakoloni. Biashara zilizohitaji kibali maalumu humo zilikuwa zile zinazonuka: ngozi, mifupa, damu, sabuni ya mafuta ya wanyama. Tuliwafuata wakausha ngozi na wachinjaji mpaka wakatujua kwa mlio wa baiskeli. Gereji hazikutajwa. Studio ya picha, iliyomwaga dawa zake mferejini, haikutajwa. Betri hazikutajwa kabisa. Betri hazinuki sana.

Nilipata chumba cha kupanga karibu na reli, ukuta mmoja na ua wa Fundi Rajabu. Rajabu alikuwa Muha wa Kigoma. Alikuja kijana mdogo kukata mkonge upande wa Makanya, akauchoka, akajifunza betri kwa Mhindi mmoja mwenye gereji. Mhindi alipohama, Rajabu alibaki na chaja yake. Wakati ule alikuwa fundi wa betri peke yake mjini. Lori likikataa kuwaka, ni Rajabu. Redio ya ofisi ya chama ikizimika, ni Rajabu. Hata taa za gadi wa stesheni zilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, kama anayekikagua kichekesho kwanza.

Mkewe tulimwita Mama Tatu, kwa jina la binti yao mdogo. Alikaanga maandazi na kuuza chai pale pale uani, chini ya kibanda cha makuti. Nilikunywa chai yake kila asubuhi, na jioni nilikula kwao mara nyingi kuliko nilivyokula kwangu. Rajabu aliniita mdogo wake, kwa hiyo Mama Tatu akawa shemeji, na Tatu akaniita baba mdogo. Nikikumbuka Same nakumbuka ua ule: mlio wa chaja, redio ikisoma taarifa ya habari, harufu ya iliki, na Tatu akieleza jambo refu lisilo na mwisho kwa yeyote aliyeketi karibu. Alikuwa mtoto wa maneno. Wateja walimuuliza maswali ya makusudi ili wamsikie tu.

Kisha likaja Azimio, na kila mtu akawa anatafuta namna ya kujitegemea. Mafundi wa Same waliunda ushirika: seremala, mshona viatu, fundi baiskeli, mchomeleaji, na Rajabu akawa mwenyekiti. Katibu wa chama aliupenda sana ushirika ule. Nao wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, watu waliotoka kila pembe ya nchi kufuata samaki, walitaka vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Rajabu alikuwa na betri mbovu tele. Akaanza kuzipasua, kutoa sahani za ndani na kuziyeyusha kwenye karai kubwa juu ya moto wa mkaa, kisha kumimina vipande kwenye vishimo vya udongo. Vilitoka vizuri, vizito, vinang'aa. Wavuvi walivifuata kwa baiskeli.

Maganda ya betri yalibaki. Enzi hizo betri zilikuwa na masanduku meusi magumu yaliyonatishwa kwa lami, na ndani mlikuwa na vibao vyembamba vya mti vilivyotenganisha sahani. Yalirundikana uani mpaka yakafika dirishani kwangu. Tulimwambia Rajabu ayaondoe, naye akaahidi.

Mwaka ule mvua za vuli zilikosekana. Kuni zilikuwa shida Same hata mwaka mzuri. Mwaka ule wanawake walitoka alfajiri kwenda chini ya milima, wakarudi mchana na mzigo usiotosha, na bwana msitu aliwanyang'anya mapanga. Siku moja Mama Tatu alitupa ganda la betri jikoni kwa kukosa kitu kingine. Liliwaka. Liliwaka kwa moto mkali na kwa muda mrefu, na moshi mweusi. Akachukua la pili. Jirani akaomba, naye hakuwa mchoyo. Baada ya majuma machache rundo lilikuwa limekwisha, na nyumba nyingi za mtaa wa reli zilikuwa zinapikia betri. Katibu wa chama alilitaja jambo hilo kwenye mkutano wa hadhara kama mfano wa kutotupa kitu. Watu walipiga makofi, nami nilikuwa nimekaa kati yao. Chuoni risasi tulifundishwa kwa mstari mmoja, kuhusu mabomba ya maji.

Kilichonishtua kwanza ni kuku. Kuku wa ua ule walianza kufa, mmoja mmoja, shingo zimepinda. Nilimwita Mzee Elieza. Alizunguka ua mzima, akachutama, akachukua majivu ya jiko kwa kipande cha kibati, akayatazama kwenye jua. Palikuwa na chembe zinazong'aa ndani. Alimuuliza Mama Tatu habari za watoto. Akasema wazima, ila Tatu analalamika tumbo na choo kimekuwa kigumu, na siku hizi amekuwa mkali, anapiga wenzake. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Mzee Elieza alimwambia Rajabu ahamishe karai nje ya makazi na mama aache kuchoma yale maganda. Rajabu alisema sawa, akimaliza kazi ya wavuvi aliyokwisha kuiahidi. Hapakuwa na kifungu cha kumlazimisha, na tulimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa uongo.

Kabla hajaimaliza, Tatu akashikwa na degedege.

Ilikuwa saa za chai. Nilisikia bakuli likianguka, nikaruka ukuta. Mama Tatu alikuwa amemkumbatia mtoto chini, na mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka. Rajabu alikuwa amekwenda bwawani kupeleka mzigo. Kwa bahati Landrova ya wapuliza dawa za malaria ilikuwa mjini, na dereva wake alikuwa mtu wa kwetu. Tukamlaza Tatu juu ya magunia, tukashika njia ya Kisiwani kwenda hospitali ya milimani, upande wa Gonja, kwa sababu palikuwa na daktari tuliyemsikia sifa. Njia nzima Mama Tatu alimsemesha mwanawe. Alimkumbusha majina ya watu wa mtaani, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anamwita arudi kwa majina hayo.

Daktari alikuwa mzee aliyekaa milimani miaka mingi. Alimpa mtoto sindano, degedege ikatulia, lakini hakuondoka kitandani. Aliuliza maswali ambayo mimi, kwa kazi yangu, ningepaswa kuyauliza mapema: mtoto anacheza wapi, baba anafanya kazi gani, mnapikia nini. Mama Tatu alijibu yote. Daktari akamwomba yeye mwenyewe afungue mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaniita nione. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokolea, kama umechorwa kwa kalamu.

Daktari akasema, "Mama, mtoto wako ana risasi mwilini. Na wewe pia."

Mama Tatu akaifunua kanga aliyomfunika mtoto, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu hajapigwa risasi, Daktari. Mtazame. Hana jeraha."

Yule mzee alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane. Alimweleza kwamba ni ile risasi anayoyeyusha mumewe, kwamba inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa majivu yanayoangukia chakula, na kwamba kwa mtoto inapanda kichwani. Alieleza taratibu, akarudia. Alipomaliza, Mama Tatu alimfunika mtoto tena, akainyoosha kanga vizuri kwenye pembe zote.

"Jiko nawasha mimi," akasema.

Nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu, nimesikia watu wakilia na wakitukana, lakini nikitaka kukumbuka kwa nini kazi yetu ipo, nakumbuka maneno yale na sauti aliyoyasema nayo.

Walipelekwa Moshi, mama na mtoto, kwenye hospitali kubwa yenye dawa ya kuitoa sumu ile damuni. Mimi nilirudi Same. Rajabu alikuwa amerudi na amekwisha kusikia, lakini nusu nusu. Nilimkuta uani amesimama mbele ya karai, halina moto, kama anayesubiri liseme. Nilikwenda na Mzee Elieza. Nilimweleza yote aliyosema daktari. Alisikiliza, kisha akasema yeye ameishika risasi miaka yote na hajafa. Daktari alikuwa amenielekeza la kufanya, kwa hiyo nikamwomba anyooshe mikono mbele, viganja chini. Alinyoosha. Mikono ilikaa kwa muda kidogo, kisha viganja vikaanguka, vikaning'inia kwenye vifundo. Akajaribu kuvinyanyua. Kimoja kilipanda kidogo. Cha kulia hakikupanda.

"Uchovu tu," akasema.

Mzee Elieza alinigusa begani. Nikatoa ilani ya kufunga karakana, niliyoiandika asubuhi, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili kama watu wanavyopokea kitu kwa heshima, lakini nilijua ni kwa sababu mmoja haukutosha.

"Bwana Afya," akasema. Hakuniita mdogo wangu. "Wewe umekula kwangu."

"Nimekula, Fundi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Siku iliyofuata Katibu wa chama alikuja ofisini. Msimdhanie mtu mbaya. Alikuwa na wageni wa mkoa wanaokuja kuuona ushirika, na karakana ya mwenyekiti ilikuwa na karatasi yetu mlangoni. Aliniita ndugu mara nyingi, jambo ambalo kwa Katibu yule lilikuwa dalili ya hasira. Alitaka kujua ni kifungu gani kinachotaja betri. Nikamwonyesha kitabu, nikakiri kwamba kifungu hicho hakipo, kuna cha kero tu, ambacho ni kipana kama shati la kuazima. Akasema basi mmemfungia mjamaa mwenzetu kwa kifungu kisichokuwapo.

Mzee Elieza alikuwa dirishani akisafisha lenzi ya tochi. Akasema, "Kifungu kipo, Ndugu Katibu. Kimelazwa Moshi."

Nilidhani ataondoka kwa hasira. Badala yake akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama kuna watoto wengine. Tukamwambia hatujui, lakini maganda yako katika nyumba nyingi za mtaa ule. "Basi nendeni mkajue," akasema, "na mimi naja." Akaja kweli, amekunja mikono ya shati.

Kazi ile ndiyo ngumu kuliko zote nilizofanya Same. Kuingia jikoni kwa watu kuchukua kuni ni kama kuingia ghalani kuchukua mahindi. Tulimkuta mjane mmoja, mchoma mihogo, amepanga maganda ya betri ukutani vizuri kama matofali. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chukueni. Lakini niambieni leo jioni nipikie nini."

Tulikuwa tumekwisha kuyabeba. Tulisimama pale, Mabwana Afya wawili na Katibu wa chama, tumekumbatia masanduku meusi. Mzee Elieza ndiye aliyeyatua chini kwanza. Akasema turudi ofisini.

Aliniuliza, kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, kwetu tunapikia nini. Nikacheka, kwa sababu kwetu kuni si jambo la kuuliza. Kisha nikaacha kucheka. Kule Chome wapasuaji mbao walikuwa wanaacha mabanzi msituni yakioza, yale mapande ya nje ya gogo yenye magome. Nilipanda juu kuzungumza nao, na walifurahi kupunguziwa uchafu. Katibu alitafuta lori la ushirika wa kahawa lililokuwa likishuka tupu. Tukatangaza mtaani kwamba atakayeleta maganda ya betri ataondoka na mabanzi, mzigo kwa mzigo. Yule mjane alikuwa wa kwanza. Walikuja na maganda ambayo hatukujua yapo, mengine yamefukiwa, mengine yametengenezwa vyombo vya kunyweshea mbuzi. Nyinyi mnaoandika mipango kazi, tafadhali kumbukeni lori lile. Kumwondolea mtu sumu bila kumpa cha kupikia ni kumwambia alale njaa, naye hatakubali, na ana haki.

Tulipata watoto wengine wenye maumivu ya tumbo na macho makavu. Kadiri moshi ulivyokwisha, walinawiri. Kuna mtoto mchanga wa mtaa ule aliyekufa kwa degedege kabla ya haya. Mama yake aliniuliza baadaye kama ni betri. Nilimwambia sijui, na mpaka leo sijui.

Shimo tulilichimba ng'ambo ya reli, kwenye ardhi ya mawe, juu ya mahali maji ya mvua yanapopita na mbali na visima. Katibu aliita msaragambo, na mtaa mzima ukatoka na majembe na sururu. Tulisakafia chini na pembeni kwa saruji aliyoitoa mchomeleaji wa ushirika, iliyokuwa ya nyumba yake. Siku hizi mna karatasi ya plastiki maalumu ya kutandika. Sisi tulikuwa na saruji na udongo wa mfinyanzi, tukaushindilia kwa miguu, wanawake wakiimba.

Rajabu alikuja. Hakumsalimia mtu. Alichukua jembe, akaliinua, na jembe likamtoka mkononi likaanguka nyuma yake. Akaliokota, likamtoka tena. Watu waliendelea kuchimba na kutazama chini, kwa adabu. Basi alikwenda kukaa juu ya jiwe. Baada ya muda akamwita Mzee Elieza, akamwambia kwamba maganda peke yake hayatoshi, kwamba kuna mahali uani alipokuwa akimwaga maji makali ya betri na mahali alipokuwa akipeta majivu, na udongo wa hapo lazima uondolewe wote mpaka ufike mwamba mweupe. Alituongoza yeye mwenyewe, akionyesha kwa mguu: hapa, na hapa, na chini ya dirisha la Bwana Afya. Tulibeba udongo ule kwa machela. Mwisho akaliviringisha lile karai kwa mguu, taratibu, kuvuka reli, mpaka kwenye ukingo wa shimo. Alilisukuma kwa unyayo. Lilipofika chini lilitoa mlio kama kengele iliyopasuka.

Karakana ilifunguliwa tena baadaye, lakini ya kuchaji tu. Hapakuyeyushwa tena risasi Same wakati wangu. Ushirika ulijenga banda lenye madirisha mapana karibu na lile shimo, na mahali pa kunawa. Tuliandika masharti yetu wenyewe, kwa mkaa kwenye ubao mmoja ukutani: hakuna kula humu, nguo za kazi zisifike nyumbani, ganda halitoki. Kijana mwingine wa ushirika akawa mikono ya Rajabu, naye Rajabu akawa macho. Hospitali ya Moshi walisema mkono utarudi kidogo kidogo. Ulirudi, si wote.

Tatu alirudi akiwa hai. Alitembea, alikula, alicheza. Lakini hakusema. Yule mtoto wa maneno aliketi uani akitutazama midomo. Madaktari walisema huenda maneno yakarudi, na huenda haitaki haraka. Mama Tatu aliendelea kuuza chai, kwa mabanzi ya Chome, na alinimiminia kikombe changu kila asubuhi kama zamani. Rajabu alinipa kisogo. Nikiingia, alikumbuka jambo ndani. Nilihama chumba, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa mfupi mno kwa ukimya ule.

Mengine mnayajua. Nilifanya kazi wilaya nyingi, wakati wa vijiji vya ujamaa nilihesabu vyoo mpaka nikaviota, na sheria zilizokuja baadaye zilizitaja betri kwa jina, pamoja na rangi, dawa za mashamba, mafuta machafu na mengine. Nilifurahi kuzisoma. Mzee Elieza hakuzifikia. Alizikwa kwao Usangi, na nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, njia ni ya mteremko na mvua ilikuwa inanyesha, nasi tuliteleza sana. Angetukemea.

Lakini nataka kumalizia siku niliyohamishwa Same. Nilikuwa nasubiri treni ya Tanga, na lile lile sanduku la bati. Mzee Elieza alikuja, Katibu alikuja, Mama Tatu alikuja na maandazi ya moto kwenye karatasi, amemshika Tatu mkono. Rajabu alisimama mbali, kwenye nguzo ya mwisho ya stesheni, nami nikajua amekuja kwa kulazimishwa. Treni ilipoingia, akaja.

"Nilikuchukia, Bwana Afya," akasema. Hakuwa na haraka. "Kila nikimtazama mtoto, nilikuchukia wewe, kwa sababu nikijichukia mimi nisingeweza kuamka asubuhi. Nataka uondoke ukijua hivyo. Na nataka ujue imekwisha."

Alinipa mkono, ule wa kulia. Ulikuwa mlegevu na wa moto, nami niliushika kwa yote miwili.

Tatu wakati huo alikuwa ameanza kurudisha neno moja moja. Maji. Mama. Nipe. Tangu arudi alikuwa hajasema neno refu. Nilikuwa nimekwisha kupanda ngazi ya behewa mama yake aliposema, "Muage baba mdogo."

Mtoto alinitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. "Shi," akasema, na hapo pakakwama. Shingo ilikaza, ngumi zilikaza, macho hayakuniacha. Gadi alikuwa ameinua bendera ya kijani. Rajabu aligeuka, akamwonyesha kiganja chake kilichopinda, na gadi, ambaye taa zake zote zilipita kwa Rajabu, aliishusha bendera. Watu madirishani walitoa vichwa kuuliza kuna nini. Tulisubiri, stesheni nzima, pamoja na dereva wa treni aliyekuwa amechungulia nje na kofia yake mkononi.

"Kamoo," akasema Tatu.

Niliitika marahaba, na gadi akainua bendera yake.